Kinangop: Anza na Nyasi, Kisha Maji

Watazamaji ndege wengi wakifika Njabini, katika uwanda wa Kinangop nchini Kenya, huelekea moja kwa moja bwawa la Sasumua, lililojengwa miaka ya 1950 chini ya milima ya Aberdare ili kuipatia Nairobi maji. Si kosa. Bwawa likijaa, hutazamwa kwa ajili ya bata, vibisi na minandi. Maji yakipungua, tope hufunuka, na kati ya Oktoba na Aprili vitwitwi waliohama kutoka kaskazini ya mbali hupata pa kudonoa wadudu. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta ndege, tazama kwanza ukingo wa maji.

Hata hivyo, fahari ya Kinangop haimo bwawani. Imo kwenye malisho yanayolizunguka, anakoishi ndege wa kucha ndefu aitwaye kisayansi Macronyx sharpei. Hapatikani nchi nyingine ila Kenya, na yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mgongo wake una michirizi ya kahawia inayofanana na nyasi kavu. Kifua na koo ni vya manjano. Akiruka, manyoya meupe ya kando ya mkia humtambulisha.

Ndege huyu hutembea ardhini akitafuta wadudu, na hujenga kiota chini ya nyasi zinazoota kwa mafundo. Anataka nyasi fupi zenye mafundo hayo ndani yake. Ng'ombe na kondoo wachache humsaidia kwa kuzipunguza. Wakizidi, mafundo huisha. Shamba likilimwa viazi au kupandwa mikaratusi, yeye huondoka.

Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi hiyo ni ya wakulima, na mkulima ana karo ya kulipa. Shirika la Nature Kenya limenunua vipande vya malisho ili kuvihifadhi, lakini haliwezi kununua uwanda mzima.

Ukienda, omba ruhusa kwa mwenye shamba, fika asubuhi, tembea polepole bila kukanyaga mafundo, na umlipe kiongozi wa hapo hapo. Mkulima atakayeona nyasi zinamletea kipato atakuwa na sababu ya kutozilima. Bila sababu hiyo, hakuna sheria itakayomwokoa ndege huyu.