Kamera Katikati ya Mafunjo

Nzohe ni swala wa majimaji. Kwato zake ndefu hutanuka asizame kwenye matope, na akishtuka hujitosa majini akaacha pua tu juu, akatulia hivyo mpaka hatari ipite. Katika mafunjo ya Ghuba ya Winam, kuanzia pwani ya Kisian hadi Dunga ng'ambo ya pili ya mji wa Kisumu, huwezi kumhesabu mnyama mwenye tabia hii kwa macho. Mtumbwi ukipenya tu, mashina yanayotikisika yameshampa habari. Kamera ya mtego, inayopiga picha yenyewe kiumbe akipita, ingefaa sana hapa. Ila nayo ikigunduliwa kuna hasara mbili: mnyama amesumbuliwa, na hesabu imepotoka. Hasara hii ya pili haizungumzwi vya kutosha.

Wengi wakisikia kuficha kamera hufikiria rangi, kiboksi cha kijani chenye madoa ya majani. Hayo hudanganya macho ya mtu. Kulungu wa Marekani, waliochunguzwa sana, wana aina mbili tu za seli za kutambua rangi, na wekundu hawauoni vizuri. Kinachomshtua mnyama ni mwanga wa ghafla, sauti ngeni na harufu ya mtu. Mpigapicha George Shiras, kwa mfano, alipiga kulungu picha usiku kwa mwako wa unga wa magnesi. Picha zake 74 zilitoka katika National Geographic mwaka 1906, na mojawapo ya zile maarufu inaonyesha wanyama wakiruka kwa hofu. Siku hizi tunatumia mwanga wa infraredi. Taa za nanomita 850 huacha wekundu hafifu gizani. Za nanomita 940 hatuzioni kabisa, ingawa haziangazi mbali. Hata hivyo, mwaka 2014 mtafiti Paul Meek na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba kamera hizi hutoa sauti, nyingine kali kupita uwezo wa sikio letu, pamoja na mwanga ambao wanyama wanaweza kuunasa.

Mtu atasema wanyama huzoea. Kweli, wapo wanaozoea: swala pala anayeona wageni kila siku hajali kiboksi kilichofungwa mtini. Lakini aliyezoea ndiye atakayejaa kwenye picha, naye mwoga atashika njia nyingine na kutoweka katika kumbukumbu zetu. Kisha ripoti itasema nzohe wamekwisha, na kinamasi kinachosemwa hakina mnyama ni rahisi kukichoma kikawa shamba. Kwa sababu hiyo naona kuficha kamera vizuri ni sehemu ya ukweli wa utafiti wenyewe, hata kwa mtu asiyeguswa na hofu ya swala mmoja.

Kinamasi hakina miti ya kufungia kamera, kwa hiyo lazima nguzo ichimbiwe, na nguzo mpya ni kitu kigeni kuliko kamera. Ichimbiwe wiki kadhaa kabla, iachwe tupu, kando ya kipito na si juu yake, nayo kamera ikae kwa mshazari. Kuizungushia majani kunavutia, lakini kihisi chake hufuata joto linalosogea. Mafunjo yaliyopigwa na jua, yakiyumbishwa na upepo wa alasiri kutoka ziwani, yatajaza kadi kwa picha tupu. Bora kukata mashina machache yanayoyumba mbele ya lenzi na kuacha yote ya nyuma. Huku karibu na ikweta, lenzi ielekee kaskazini au kusini, isitazamane na jua linapochomoza au kutua. Betri za lithiamu hudumu zaidi, na kila safari inayoepukwa ni harufu iliyopungua. Ikibidi kwenda, mchana mkali unafaa, kwani nzohe hutembea zaidi alfajiri, jioni na usiku.

Wako wanaotaka kamera ifichwe hata kwa watu, isije ikaibwa. Hapo sikubaliani nao. Wanaokata mafunjo ya mikeka na vikapu hupita humo kila siku, nao wanavijua vipito vya wanyama kuliko ramani yoyote. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 ya kulinda data inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Waelezwe kabla nguzo haijachimbiwa, waulizwe isimame wapi, na picha zao zifutwe kadi inapofunguliwa.