Imeli za sendika zilitoka mu diski

Biro yetu ya sendika hapa Kakanda iko na ordinatere moja tu. Kuran ilikatika, ikarudi na nguvu, na ile masini haikuwaka tena. Ndani mulikuwa imeli za miaka saba: majibu ya patron juu ya primu, majina ya wagonjwa, tarehe za mikutano. Inspekta wa kazi anaomba maandishi, si maneno ya kinywa.

Wenzangu walisema tuitupe. Nilikataa. Hapa tuko na wazee walioondoka Gécamines wakati wa 2003, ile kuondoka kwa watu zaidi ya 10,000. Mpaka leo wanachunga kila karatasi.

Tuliipeleka Likasi. Fundi alitosha diski inje, akaifunga na kamba ya USB kwa ordinatere ingine. Kumbe diski ilikuwa nzima! Iliyoungua ni alimantasio. Sisi tunatumia Outlook, na yenyewe ilikuwa inaweka barua zetu zote mu fishie moja, jina lake linaishia na .pst. Alikopia kwanza, kisha akafungua kopi. Hakuna iliyokosa.

Alituonya: diski ikianza kulia tik-tik, zima mara moja, usijaribu tena. Na usiandike kitu juu yake, maana fishie iliyofutwa inabakia mpaka ingine ikae pahali pake.

Sasa kopi moja inalala kwa biro, ingine kwa nyumba ya mweka-feza wetu. Kwa inspekta tutaenda na imeli zimechapwa, na tarehe juu.