Nasaba na Haki ya Mwanadamu

Mwaka jana kijana mmoja wa mji wetu alipeleka posa katika nyumba ya watu wanaojuana naye tangu utotoni. Dini yake njema, kazi anayo, na binti mwenyewe alikuwa radhi. Wazee wakaingia ndani, wakanong'onezana, kisha posa ikarudishwa. Sababu haikutajwa mbele ya watu, lakini barazani kila mtu aliijua: bibi wa bibi yake kijana huyu alikuwa mjakazi. Na sisi tuliokuwapo barazani tulinyamaza. Yatupasa tukiri hayo kabla ya kumlaumu mtu.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa ukaondoshwa huko kisheria mwaka 1897. Pwani ya Kenya ikafuata mwaka 1907. Basi yapata zaidi ya miaka mia tangu minyororo ikatike, na ndimi zetu zingali zikihesabu nani mjukuu wa nani.

Tarehe 10 Desemba 1948 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, lilipokutana Paris, lilipitisha Tangazo la Haki za Binadamu kwa kura 48; hapana aliyepinga, na dola 8 zikajizuia. Kifungu chake cha 16 chawapa haki ya kuoana mume na mke waliotimia umri, pasina kizuizi cha rangi, taifa wala dini. Juu ya hilo neno la dini sisi Waislamu tuna hukumu zetu, na Saudia, iliyokuwa katika zile dola 8, ilikuwa na hoja juu yake. Misri, Iraki, Shamu na Pakistani ziliunga mkono. Afrika ya Kusini nayo ilijizuia, na mwaka uliofuata ikatunga sheria ya kuwakataza Wazungu kuoana na wasiokuwa Wazungu, sheria iliyodumu hadi mwaka 1985. Nani kati yetu hakuilaani? Basi huyu anayerudisha posa kwa ajili ya damu ya bibi ana tofauti gani na watunga sheria wale, ila kwamba wao waliandika?

Watu wa baraza hutaja kufu. Ni kweli, wanazuoni wa Kishafii wameihesabu nasaba katika kufu. Walakini Imamu Malik aliitazama dini, hakuitazama nasaba. Na hao Mashafii wenyewe wasema kufu ni haki ya binti na mawalii wake, wakiridhia kuiacha ndoa ni sahihi. Zaid bin Haritha alikuwa mtumwa akaachwa huru, na Mtume wetu (s.a.w.) akamwoza Zainab binti Jahsh, binti wa shangazi yake. Ndoa ile haikudumu, na wapo wanaolishika hilo kuwa hoja. Hao na wamwangalie Fatima binti Qais, Mkureshi aliyeposwa na wakubwa wawili wa kabila lake: Mtume alimshauri aolewe na Usama, mwana wa Zaid huyo huyo. Mwanzo hakupendezwa. Kisha akaolewa, na mwenyewe akasimulia kheri aliyoipata, hata wenziwe wakamwonea wivu.

Binti wa mji wetu yungali kwao, na kijana hajaposa pengine.