Je, Ulinzi Stars Irudi Nakuru?

Wapenzi wa mpira wa Dundori wana shauri ambalo twaona lafaa kuelezwa hapa. Ulinzi Stars, timu ya majeshi ya Kenya, kwa miaka mingi ilicheza michezo yake ya nyumbani katika uwanja wa Afraha, Nakuru, nayo ikatwaa ubingwa wa nchi mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. Katika miaka ya 2020, Afraha ulipofungwa ili ujengwe upya, timu ilihamia uwanja wa jeshi ulioko Lang'ata, Nairobi.

Kuhama kule hatukulaumu. Mpira hauchezwi juu ya kokoto na saruji. Lakini kuhama kabisa ni neno jingine. Mkulima wa Dundori hukama alfajiri, hupeleka maziwa, hutelemka kwa barabara ya Lanet hadi Afraha, na jioni amekwisha rudi kabla ng'ombe hawajaanza kulia. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kilomita 160 hivi: nani atamkamia? Karani naye, atokaye kazini Jumamosi adhuhuri, atafika watu wakitawanyika.

Wala mtu asidhani Nakuru ni wageni wa mpira. Ligi ya kwanza ya Kenya, ya mwaka 1963, ilitwaliwa na timu nyingine ya mji huu huu, Nakuru All Stars.

Basi Afraha ukiwa tayari kwa ligi, mazoezi na yabaki Lang'ata, bali nusu ya michezo ya nyumbani ichezwe Nakuru, hasa ile ya Gor Mahia na A.F.C. Leopards. Kwa hiyo watu wa huku watalipa kiingilio bila kunung'unika, hata bei ya viazi ikiwa mbaya.