Gololi katika Shingo ya Baiskeli

Msuguano ni nguvu inayozuia vitu viwili vinavyogusana visiteleze kwa urahisi. Katika somo hili utaona jinsi gololi zinavyopunguza msuguano katika usukani wa baiskeli.

Mwendesha baiskeli hugeuza usukani kidogo kidogo, kulia na kushoto, hata anapokwenda mbele moja kwa moja. Kwa njia hiyo hujizuia asianguke. Kwa hiyo, usukani ni lazima ugeuke kwa wepesi.

Bomba fupi lililo mbele ya fremu tutaliita shingo. Ndani yake hupita shina la uma unaoshika gurudumu la mbele. Juu na chini ya shingo kuna vikombe vya chuma vyenye gololi na grisi. Usukani unapogeuzwa, gololi hubingirika. Kitu kinachobingirika hupata msuguano mdogo kuliko kinachoteleza.

Vikombe vikilegea, gololi hugongagonga na kuchimba vishimo katika chuma. Vikikazwa mno, usukani huwa mzito, na mwendeshaji huweza kuanguka.

Jaribio

Fanya jaribio hili nyumbani pamoja na mtu mzima.

1. Simama kando ya baiskeli. Shika breki ya mbele, kisha sukuma baiskeli mbele na nyuma. Weka kidole mahali kikombe cha juu kinapokutana na shingo. Ukihisi mtikisiko, vikombe vimelegea.

2. Inua gurudumu la mbele, kisha geuza usukani kulia na kushoto. Ukiwa mzito au ukikwamakwama, huenda vikombe vimekazwa mno.

Kurekebisha

Ikiwa baiskeli ina nati kubwa juu ya shingo, ilegeze kwa spana. Zungusha kikombe cha juu kwa mkono mpaka kiguse gololi bila kuzibana. Kama kilikuwa kimekazwa mno, kirudishe nyuma kidogo. Kishike kisigeuke, na mwenzako akaze nati. Sasa rudia majaribio yote mawili, kwa sababu nati inapokazwa huweza kukisukuma kikombe. Usiipande baiskeli mpaka mtikisiko uishe na usukani ugeuke kwa wepesi.

Maswali

1. Gololi hupunguzaje msuguano?
2. Kwa nini ni hatari kukaza vikombe mno?
3. Taja vyombo vingine viwili vinavyotumia gololi.