Alfabeti: Ng'ombe na Nyumba

Mwalimu huandika ubaoni a, b, c, nao watoto huitikia kwa sauti moja. Je, wasomaji wapenzi, mmewahi kujiuliza jina «alfabeti» limetoka wapi?

Wengi hudhani kwamba ni mali ya Wazungu tangu asili. Sivyo. Wagiriki walipokea herufi kwa Wafoinike, wafanya biashara wa baharini waliokaa katika pwani ya Lebanoni ya leo. Pamoja na herufi walipokea majina yake. Kwa Wafoinike herufi ya kwanza, alefu, maana yake ni ng'ombe. Ya pili, beti, ni nyumba. Wagiriki wakatamka alfa na beta, lakini katika lugha yao majina hayo hayakuwa na maana. Baadaye majina hayo yakaunganishwa, Kilatini kikawa na alphabetum, na Wafaransa wakapata alphabet. Geuza herufi A juu chini: utaona kichwa cha ng'ombe na pembe zake!

Mataifa mengine yalikuwa na majina yao. Herufi za kale za watu wa kaskazini, zilizochongwa katika mawe na miti, huitwa futhark, kwa kuwa sita za kwanza ni f, u, th, a, r, k. Waingereza wa kale walisema stæfræw, yaani mstari wa herufi. Warusi husema azbuka: az ni «mimi», buki ni «herufi». Majina hayo yatoka katika lugha ya Waslavi, ambao Watakatifu Cyrillus na Methodius waliwaendea mwaka 863 na kuwapa maandishi. Na huko Wales, neno egwyddor lilitokana na a, b, c ya Kilatini. Zamani lilitaja alfabeti, siku hizi maana yake ni kanuni ya mwenendo.

Sisi nasi twasema abjadi, neno la Kiarabu lililofanywa kwa herufi nne: alifu, be, jimu, dali. Alifu ni ndugu yake alefu.

Basi, kila taifa liliazima kwa jirani. Hata Wafoinike walirithi herufi ambazo picha zake za kwanza, wasema wataalamu, ziliigwa katika maandishi ya Misri, nchi ya Afrika yetu.

Kwa hiyo, mzee anayeona haya kuketi pamoja na wajukuu na kujifunza a, b, c, asisite. Wagiriki wenye hekima nao walianza kwa kuitikia majina ya kigeni. Kuuliza si ujinga.