Kompyuta ngumu ya komite: tuweke programu gani ndani?

Viongozi wengi wa wahamiaji wa ndani, kutoka Manguredjipa, Njiapanda na hata Butembo, wanatuuliza swali moja: shirika limetuletea kompyuta ngumu, sasa tuweke nini ndani yake? Swali ni zuri, kwa sababu kompyuta za aina hii, kama vile Toughbook ya kampuni ya Panasonic, zimetengenezwa zivumilie vumbi, maji na kuanguka. Kwa barabara ya Butembo hadi Manguredjipa, ambayo ninyi wenyewe mnaijua wakati wa mvua, hiyo si anasa. Lakini ugumu wa mashine hauchungi maandishi yaliyo ndani. Mwizi anaibeba ikiwa nzima, na orodha yenu nzima ndani.

Tuanze na orodha, maana ndiyo mali kubwa ya komite. Tangu 2024 waasi wa ADF wameshambulia vijiji vingi vya sekta ya Bapere. Katika Septemba 2025 waliua watu zaidi ya 60 huko Ntoyo, watu waliokuwa kwenye matanga. Familia zimekimbia, zimerudi, zimekimbia tena. Kila safari orodha inabadilika. Familia ikikosekana humo, inakosa chakula. Ikiandikwa mara mbili, familia pokezi zinaanza kunung'unika, na ugomvi unaingia kati ya wenyeji na wahamiaji. Tena ndani ya orodha kuna majina, vijiji, namba za simu, na mara nyingine jina la mtu aliyeona mauaji na kusimulia. Karatasi ya namna hiyo ikianguka mikononi mwa watu wenye silaha, mtu anaweza kuipoteza roho yake.

Kwa hiyo programu ya kwanza tunayoshauri ni VeraCrypt. Ni ya bure. Inatengeneza kitu kama sanduku ndani ya kompyuta, na sanduku hilo linafunguka kwa neno la siri tu. Asiye na neno hilo anaona takataka za herufi zisizosomeka. Neno la siri lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa. Chukueni maneno matano au sita yasiyohusiana, ambayo mnaweza kuyakumbuka bila kuyaandika. Walijue watu wawili, kwa mfano prezida na sekretere, kwa kuwa siku ya kukimbia mmoja anaweza kwenda njia ya Butembo na mwingine akabaki porini. Likisahauliwa, hakuna fundi wa kulirudisha. Jambo moja linasahauliwa sana: kufunga kifuniko cha kompyuta hakutoshi. Sanduku likiwa wazi na mashine imelala tu, anayeichukua anaweza kuyafikia yote. Fungeni sanduku, kisha zimeni mashine kabisa.

Kwa kuandika orodha yenyewe, LibreOffice inatosha. Inafungua faili za Word na Excel ambazo mashirika yanawatumia. Ilitoka katika OpenOffice mwaka wa 2010, ile OpenOffice ambayo Watanzania wa mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliitafsiri kwa Kiswahili na kuiita Jambo OpenOffice. Tunasisitiza programu za bure kwa sababu zile za wizi zinazouzwa kwa flashi mjini mara nyingi huja na virusi. Na virusi vya flashi, hasa pale mnapochapisha karatasi, ndivyo vinavyoficha mafaili na kuacha vivuli vyake tu. Msichomeke flashi ya mtu kabla ya kuipima kwa antivirusi.

Angalieni pia Windows iliyo ndani. Kompyuta ngumu nyingi za mtumba zina Windows 10, na Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ikiwa ya zamani, isiyokubali Windows mpya, fundi aweke Linux Mint: ni ya bure, na LibreOffice imo tayari.

Wale wanaoandika familia kwa simu watumie KoboCollect. Inafanya kazi bila mtandao. Fomu zinabaki ndani ya simu hadi mtu afike mahali penye mtandao na kuzituma. Lakini msiulize kila kitu eti kwa sababu fomu ina nafasi. Mkihitaji kujua watoto ni wangapi, kabila la mama halina kazi pale. Hata sheria ya nchi yetu, ile ya mambo ya numerike ya 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi.

Kwa watoto waliokosa masomo kuna Kiwix, ambayo inasoma Wikipedia bila intaneti. Ya Kiswahili ni ndogo. Ya Kifaransa yenye picha ni nzito sana, heri ipakuliwe Butembo na kuletwa kwa diski.

Sasa nakala. Wekeni sanduku la VeraCrypt katika flashi mbili, moja ibaki kwa kiongozi aliye mbali na kituo, na zibadilishwe kila orodha ikibadilika. Kuhusu kubandika majina ukutani, mashirika mengine yanapenda hivyo ili kila mtu aone haki. Sisi tunaona ni heri majina yasomwe kwa sauti mbele ya familia zenyewe na wazee wa familia pokezi. Malalamiko yanatoka papo hapo na kusahihishwa, wala hakuna karatasi inayobaki usiku kwa yeyote apitaye.

Siku ya risasi, acheni mashine. Chukueni watoto, na flashi kama iko mfukoni. Mkishafika salama, ambieni komite na wale walioandikwa kwamba kompyuta imebaki, na kama sanduku lilikuwa limefungwa au la, ili waliosimulia mambo mazito wajue mapema na wajipange wapi watalala.

Komite zisizo na kompyuta zinaweza kufanya vilevile kwa madaftari mawili: moja lina namba ya familia na idadi ya watu, jingine lina namba na majina. Yasikae nyumba moja.